Goti la Proscovia

Watu wa Busia wananiita Madam Selpher wa saiba, ingawa sijawahi kufundisha darasa lolote. Nina kompyuta tano, printa moja yenye hasira kama mimi, na benchi la mbao ambalo vijana hukaa wakisubiri kuandikiwa sivii za kuombea kazi. Lakini sivii kila mtu anaweza kuandika. Kilichonipa jina ni maswali. Miaka kumi na miwili nilikuwa karani katika ofisi moja ya kupitisha mizigo hapa mpakani, na bosi akihoji watu wa kuajiri, mimi ndiye niliyekaa pembeni kuandika walivyojibu. Niliona wenye shahada wakitetemeka, na nikaona waongo wakipewa kazi. Nilipotoka pale niliujua mchezo wote, nikaanza kuufundisha.

Nasema haya mapema ili mjue nilikuwa na kiburi. Bila kiburi changu, haya yasingetokea.

Proscovia Namukose aliingia saiba siku ya mvua mwezi wa Novemba, kitambaa kichwani, bahasha ya kaki ameificha ndani ya sweta isilowe. Alifika mbele ya meza yangu akatoweka. Nilidhani ameangusha kitu, na mimi nikainama upande wangu kumsaidia kutafuta. Tukakutana macho chini ya meza. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye matope ya viatu vya watu.

"Asante kwa kazi, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya ng'ambo.

"Kazi gani? Sijakufanyia kazi yoyote. Simama, mama, utachafuka!"

Vijana wa benchini wakacheka. Alisimama polepole, sketi ina madoa mawili ya mviringo, akaniomba msamaha kama aliyevunja sahani.

Alikuwa Msoga wa Iganga. Kwao mwanamke hamsalimii mtu wa heshima akiwa amesimama, na humshukuru kwa kazi anayomkuta akiifanya, hata kama si yeye anayefanyiwa. Alikuwa ameolewa na Austine, dereva wa trela, mtu wa Sigalame, aliyekuwa akilala Iganga safari zake za kwenda Kampala hadi siku moja akaondoka na binti wa watu kwa heshima zote, mahari ikalipwa, akamfanyia na karatasi za kuishi huku. Mwaka juzi mwezi wa nne, trela la Austine lilikatika breki kwenye mteremko. Proscovia akabaki Sigalame na mtoto mmoja, Cindy, wa miaka sita, nyumbani kwa mama mkwe.

Shemeji yake Barasa ndiye aliyemwekea siku. Alimwita mbele ya mama yake akasema, "Shem, sikufukuzi. Lakini mtoto wa ndugu yangu hatazurura na wewe. Ukipata kazi na chumba kabla shule zifunguliwe Januari, kuja umchukue. Usipopata, rudi kwenu ujipange. Cindy ataanzia gredi wani hapa."

Nilitaka sana kumchukia huyo Barasa. Lakini nilipofikiria, yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha wote kwa jembe lake, na mtoto alikuwa na sahani yake pale na nyanya wa kumpenda. Hata hivyo mama mtu angelala wapi bila mtoto wake?

Kazi aliyoitaka ilikuwa kwenye kituo kimoja cha kutunza wazee na watu waliopigwa na kiharusi, njia ya Malaba, ukishapita Adungosi. Walitafuta msaidizi wa wauguzi: kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Chumba cha kulala kilikuwepo, na mfanyakazi aliruhusiwa kuishi na mtoto mmoja. Proscovia alikuwa amefanya kazi hiyo hiyo miaka minne katika zahanati ya kwao kabla ya kuolewa. Niliposoma tangazo nilimwambia hiyo kazi imeandikwa jina lake, kilichobaki ni mdomo.

Tulianza siku hiyo hiyo. Nikajifanya bosi.

"Tuambie kukuhusu."

Akaanza na ukoo wa babu yake, akaenda kwa shangazi, akafika kwenye mto fulani.

"Proscovia! Hawajaja kwa posa. Sema jina, kazi uliyofanya, miaka mingapi. Basi."

Alicheka akifunika mdomo. Ndivyo tulivyoenda wiki mbili, kila alasiri baada ya yeye kumaliza vibarua vya kufua nguo za watu mtaani. Alikuwa mwepesi kuelewa, ila alijibu kila swali kwa ukweli wote alionao tumboni, na mimi nilijua ukweli wote haumwajiri mtu. Siku moja nilimuuliza swali ambalo wageni wote huliogopa.

"Kwa nini tukuchukue wewe, na kuna Wakenya hawana kazi?"

Nje trela zilikuwa zinanguruma kwenye foleni ya kuvuka, akazisikiliza kidogo.

"Bosi," akasema, "mgonjwa akijikojolea, haulizi kama mwenye kumpangusa ni Mkenya."

Nilipiga meza kwa furaha. "Hilo ni lako! Usibadilishe hata neno."

Lakini nilipouliza udhaifu wake ni upi, akaniangalia kwa macho makubwa.

"Mimi naogopa watu wakubwa. Nalia haraka. Na tangu Austine afe, bambi, maskini mimi, nasahau vitu. Naweza ingia nyumba nisijue nilifuata nini."

"Toba! Hapo umejifukuza kabla hujaajiriwa. Nisikilize. Kila mtu ana udhaifu, na wao wanajua. Wape mmoja, mdogo. Sema 'kidogo tu', halafu unyamaze. Wakikuuliza jambo la aibu, usianze kueleza. Mkenya akisikia maelezo marefu anajua hapa kuna uongo."

"Mmoja, mdogo," alirudia, kama anayekariri sala. "Kidogo tu. Halafu nanyamaza."

Kilichotushinda ni goti. Nilimtoa nje, nikamwambia aingie upya kana kwamba mimi ndiye mkuu wa kituo. Aingie, asimame wima, aniangalie machoni, aseme habari za asubuhi. Akili yake ilikubali, lakini mwili uliteremka wenyewe kila alipofika kwenye meza. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilimpigia kelele mbele ya benchi zima: "Kenya hatupigi magoti! Magoti ni ya kanisani! Ukipiga magoti pale watasema huyu ni mshamba, hataweza hata kumwamrisha mgonjwa ameze dawa!"

"Lakini yule mtu mkubwa, hatasema mimi sina adabu?"

"Atasema unajiamini."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi, Selpher, nikamfundisha mtu mwenye shida ya cha mvunguni kwamba asiiname. Siku ya mwisho aliingia mara tatu bila kushuka. Nilimpigia makofi, na vijana wakapiga pia, naye akatabasamu lakini mikono yake ilikuwa inashikilia sketi pande zote mbili, kama mtu anayejizuia asianguke.

Intavyuu ilikuwa Ijumaa ya pili ya Desemba. Nilimwazima blauzi yangu nyeupe. Saa tisa alasiri alirudi, na siku hiyo ndiyo niliona meno yake yote kwa mara ya kwanza.

"Madam, niliwajibu!"

"Keti, nieleze."

Walikuwa watu wawili mezani, akaniambia: meneja anayeitwa bwana Ikapel, na mama mmoja wa makamo, Sista Jacinter, muuguzi mstaafu ambaye kituo ni chake. Alisema jina lake na miaka yake bila kutaja mto. Swali la Mkenya lilikuja kama nilivyosema, akatoa jibu lake, na Sista Jacinter akaweka kalamu chini akamwangalia. Walimuuliza jinsi ya kumgeuza mtu mzito bila kumchuna ngozi, akawaonyesha kwa mikono.

"Na udhaifu?" nikauliza. "Uliwaambia nini?"

"Hiyo ilikuja mwanzo kabisa. Kwanza niliingia, nikaona yule mama, nywele nyeupe, kama mama yangu. Goti likaanza kwenda. Nikakumbuka Madam. Nikalishika hapo katikati, nikasimama." Alinionyesha: akakunja mguu wa kulia nusu, akayumba, akajivuta juu kwa kushika ukingo wa meza yangu. "Bwana Ikapel akauliza, 'Pole, mama. Goti linakusumbua?' Nikaona aibu. Nitaeleza aje kwamba nilikuwa napiga magoti, na Kenya hampigi? Halafu nikajua, aa, hili ndilo lile swali. Udhaifu. Mmoja, mdogo. Nikasema, 'Ndiyo, bosi. Kidogo tu.' Nikanyamaza, kama ulivyosema."

Alikuwa ananingojea nimpigie makofi.

Kazi ya kuinua wazee kitandani, na mwombaji amekiri goti bovu kabla hajaketi. Nilijua limeandikwa. Ni mimi niliyekuwa nikiandika vitu kama hivyo miaka kumi na miwili.

"Walisema nini?" nikauliza.

"Waliandika. Sista aliniambia pole na wewe, mwanangu. Wote wana roho nzuri. Nikifika Sigalame jioni nitamwambia Cindy aanze kupanga nguo zake."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, Proscovia, panda pikipiki sasa hivi turudi Adungosi, ukimbie mbele yao, uchuchumae, uruke, waone goti lako lilivyo zima. Kituo kilikuwa wazi hadi saa kumi na moja. Lakini benchi lilikuwa limejaa vijana wa kujaza fomu za chuo, na mbele yao ningelazimika kukiri kwamba somo langu ndilo lililomwangusha. Nikasema umefanya vizuri. Nikajiambia Jumatatu nitakwenda mwenyewe, polepole, nitengeneze. Hakuna neno nililowahi kulisema linaloniuma kama hiyo Jumatatu.

Jumatatu saa mbili nilikuwa langoni. Sista Jacinter alinipokea ofisini kwake, mama mnene mpole, miwani imening'inia kifuani. Nilimweleza yote, na kwa mara moja maishani nilieleza kwa maelezo marefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavaa miwani, akavuta faili, akanionyesha. Mwandiko wa Ikapel: *Goti la kulia lina shida, amekiri mwenyewe. Hataweza kuinua.* Chini yake kulikuwa na mwandiko mwingine, wa Sista: *Majibu bora kuliko wote. Inasikitisha.*

"Alikuwa anapiga magoti?" aliuliza. "Kunisalimia mimi?"

"Ndiyo, Sista."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo. "Mimi nimeolewa na Mteso, Madam. Mama mkwe wangu yuko Tororo, ng'ambo. Nikienda kwake mpaka leo, na mvi hizi, napiga magoti. Kwa nini huyu mtoto hakumaliza tu? Heshima si utumwa. Angefika chini ningejua huyu ni wa kushika wazee wangu."

"Mimi ndiye nilimkataza," nikasema.

Mlango ulikuwa wazi, na kwenye veranda msichana mwenye aproni mpya alikuwa akimtembeza mzee mmoja hatua kwa hatua, akimwimbia kwa sauti ndogo. Sista aliona ninapotazama.

"Anaitwa Maurine, wa Butula. Alisaini Jumamosi. Hana baba, na ameleta mdogo wake tayari, wako kwenye kile chumba." Akafunga faili. "Siwezi kumtoa. Ungekuja Ijumaa."

"Najua," nikasema.

Nilimwambia Proscovia jioni ile, nyuma ya saiba, kwenye kamba ya kuanikia ambako alikuwa akitundika shuka za watu. Sikumficha chochote, hata ile Ijumaa. Nilingojea anitukane. Ningefurahi kama angenitukana, maana mtu anayekutukana ameshachukua sehemu ya deni lake. Yeye alibana kibanio cha mwisho, akapangusa mikono kwenye leso.

"Kale, nyabo, ni sawa," akasema. "Wewe ulinifundisha vizuri. Ni goti halikusikia."

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, na alilia haraka kama alivyoniambia siku ile nilipomkataza kusema. Mimi nilisimama kando yake nikilia pia, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mitatu, nimeshika shuka la mtu lililolowa.

Tulijaribu kwingine. Siku zile za Desemba niliandika barua nane, nikapiga simu kwa watu niliokuwa nimeapa kutowapigia tena. Hoteli moja ilisema watu wameshatosha, shule moja ikasema tuongee Aprili. Krismasi alishinda Sigalame, akala na mtoto wake. Barasa alichinja kuku, na alipoulizwa kama anaweza kuongeza muda alijibu kwa upole kabisa kwamba mtoto ameshaandikishwa na sare imeshashonwa. Hakukosea. Ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

Tarehe tatu Januari Proscovia alipita kwangu na begi moja, akielekea ng'ambo. Alikuwa amemnunulia Cindy viatu vya shule hapa sokoni, vyeusi, vya kamba, vikubwa kidogo ili akue navyo, na akaniomba nivifikishe kwa mkono wangu.

"Kwa nini usimpe mwenyewe ukienda kumwona?"

"Nikirudi tena Sigalame, Madam, sitatoka."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope kando ya lami, na foleni ya trela ilikuwa ndefu, madereva wameketi kwenye vivuli vya magurudumu wakinywa chai. Aliweka begi chini. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Akashuka, goti la kulia, kisha la kushoto, palepale kwenye tope, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Webale nyo, nyabo. Asante kwa kazi."

Neno "simama" lilifika kooni. Mara hii nililimeza. Nilimwacha apige magoti yake hadi mwisho, muda wote aliotaka, madereva wanatutazama, kisha akainuka na madoa yake mawili akaenda. Hakugeuka. Alipita kizuizini akiwa mnyoofu, mwendo wa mtu ambaye goti lake halina kasoro yoyote.

Nilikwenda Sigalame Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mama mkwe, mama Leonida, alinikaribisha kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba, akamwita mjukuu alete maji. Nilikuwa sijawahi kumwona Cindy. Alitoka jikoni na kikombe cha bati mkononi, paji la uso la mama yake, mwendo wa mama yake. Alipofika mbele yangu goti lake la kulia likaanza kushuka. Likafika nusu. Akalishika hapo, akayumba, maji yakamwagika kidogo, akajivuta juu. Akanipa kikombe akiwa amesimama wima, akiniangalia machoni.

"Habari ya asubuhi," akasema.

"Huyu alikuwa anapiga magoti vizuri," mama Leonida alisema. "Mama yake ndiye alimkataza kabla ya kwenda. Sijui kwa nini. Mimi nilikuwa napenda."

"Mama alisema Madam wa saiba alisema," Cindy akaeleza. "Ndiyo nisikose kazi nikiwa mkubwa."

Nilishindwa kunywa yale maji. Niliweka kikombe kando, nikafungua mfuko, nikatoa viatu, na kwa kuwa mtoto alikuwa amesimama na mimi nilitaka kumvalisha kwa mkono wangu kama nilivyotumwa, nikateremka kwenye kiti hadi chini. Magoti yangu ni mabovu kweli, yana miaka mitano sasa yananiuma, na udongo wa Sigalame una vijiwe. Nikamvalisha cha kushoto. Nikamvalisha cha kulia. Vilikuwa vikubwa, kama mama yake alivyotaka.

Cindy aliniinamia, akaweka mkono mdogo begani kwangu, akanong'ona ili nyanya yake asisikie nisije nikaaibika.

"Madam, simama. Kenya hatupigi magoti."

Sikusimama. Nilifunga kamba za kiatu cha kulia, nikazifungua, nikazifunga tena.